Kaka ana glioblastoma: kumshusha Mombasa apate hewa nzito kutamsaidia?

SWALI: Kaka yetu mkubwa, miaka 52, alipasuliwa kichwa wiki tatu zilizopita. Majibu ya maabara yamesema ni glioblastoma (saratani kali ya ubongo) daraja la 4, yenye sehemu zilizokufa ndani yake. Daktari alitueleza kwamba uvimbe wa aina hii "umekosa oksijeni" na ndiyo sababu ni mkali. Tunaishi Nakuru. Shemeji anasema tumpeleke Mombasa kwa sababu hewa ya pwani ni nzito. Mtu mwingine anatuuzia mashine ya oksijeni pamoja na unga wa kuongeza kinga, na anasema saratani haiwezi kuishi penye oksijeni. Mionzi inaanza wiki ijayo. Tufanye lipi?

JIBU: Dada, pole sana, na poleni nyote nyumbani. Nianze na yale ya kufanya kwa sababu wiki moja ni muda mfupi. Msimhamishe kwa ajili ya hewa. Mashine msiinunue mpaka pawe na kipimo kinachoonyesha kwamba oksijeni ya damu yake imeshuka. Unga msimpe. Tarehe ya mionzi ishikeni kwa mikono miwili: kawaida mionzi huanza kati ya wiki ya tatu na ya sita baada ya upasuaji, kidonda kikishapona, na kwa sasa hakuna tiba itakayomfaa kuliko hiyo. Sasa nieleze sababu, maana shemeji atauliza, na ana haki ya kujibiwa vizuri.

Daktari wenu hakukosea. Glioblastoma kweli ina njaa ya oksijeni, na njaa hiyo ni chanzo kimojawapo cha ukali wake. Ila njaa hiyo iko ndani ya uvimbe, katika nafasi ndogo kuliko punje ya mchele, wakati damu inayopita nje yake imeshiba oksijeni. Hapo ndipo wazo la Mombasa na wazo la mashine yanapoanguka.

Tupige hesabu. Oksijeni hubebwa na himoglobini, na gramu moja ya himoglobini iliyojaa hubeba mililita 1.34 hivi. Chukueni mtu mwenye himoglobini 14, yaani gramu 14 katika kila mililita 100 za damu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Hata hivyo mapafu mazima yanaijaza himoglobini kwa asilimia 95 hivi. Kwa hiyo kila mililita 100 za damu yake zina mililita 17.8 za oksijeni. Mshusheni Mombasa, himoglobini ijae kwa asilimia 98, mtapata mililita 18.4. Safari yote imeongeza mililita 0.6. Sasa mwacheni Nakuru, lakini himoglobini yake ishuke kutoka 14 hadi 9, kama inavyoweza kutokea kwa mtu aliyepasuliwa na asiyekula vizuri. Damu ileile itabeba mililita 11.5. Amepoteza zaidi ya mililita 6, mara kumi ya kile ambacho Mombasa ingempa.

Swali la kumpelekea daktari, basi, ni hili: himoglobini yake ni ngapi, na kama imeshuka, imeshuka kwa nini? Chuma kidogo, minyoo, malaria, kidonda cha tumbo kinachovuja damu polepole kwa sababu ya dawa: kila kimoja kina tiba yake. Lakini msikimbilie sindano za erithropoietini za kuongeza damu bila daktari wa saratani. Katika jaribio la wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi, lililochapishwa 2003, waliopewa sindano hizo himoglobini ilipanda, lakini saratani iliwaendea vibaya kuliko wenzao waliopewa sindano tupu.

Njaa iliyo ndani ya uvimbe

Oksijeni ikishatoka kwenye mshipa mwembamba wa damu, hutembea yenyewe kati ya seli, nayo haifiki mbali. Seli za njiani zinaitumia, na baada ya sehemu ya kumi ya milimita hadi mbili za kumi imekwisha. Huo ni unene wa karatasi moja au mbili za daftari. Mwaka 1955 watafiti wawili wa Uingereza, Thomlinson na Gray, walipima kamba za seli katika saratani ya mapafu. Waliona kwamba kamba yoyote ambayo kutoka ukingoni hadi kitovuni ilizidi milimita 0.2 ilikuwa imekufa katikati. Kanuni hiyo ni ileile kwenye ubongo.

Glioblastoma hukua haraka kuliko mishipa inavyoweza kuifuata. Mishipa inayojengwa humo nayo ni mibovu: imepinda, inavuja, mingine inaishia njiani. Maji yanayovuja hujaza nafasi kati ya seli, na kwa kuwa fuvu halitanuki, maji hayo huibana mishipa iliyobaki. Halafu kuna damu kuganda. Seli za uvimbe huu hutoa kwa wingi protini inayoanzisha kuganda kwa damu, na ukosefu wa oksijeni huzifanya ziitoe zaidi. Kuganda huku nitakurudia, kwa sababu kunamhusu kaka yenu hata nje ya kichwa.

Mnaposoma "sehemu zilizokufa" kwenye majibu, aliyeandika aliona kitu hiki kwenye kioo cha darubini: katikati, eneo la waridi lililopauka, halina viini vya seli. Pembezoni mwake, seli zenye viini vya zambarau iliyokolea zimejipanga bega kwa bega, kama fito za ua wa boma. Mara nyingi katikati ya eneo lililokufa huonekana mshipa mdogo, umezibwa na damu iliyoganda. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ua ule ni seli zinazozaliana kwa kasi. Mwaka 2004 kundi la watafiti huko Atlanta, Marekani, lilionyesha kwamba seli hizo huzaliana kidogo kuliko jirani zao. Zinahama. Mshipa umeziba, oksijeni imekatika, na seli zilizo hai zinaondoka kuelekea nje, ndani ya ubongo mzima ambako kisu cha mpasuaji hakiwezi kuzifuata.

Kinachoziamuru zihame kinajulikana vizuri. Ugunduzi wa jinsi seli inavyopima oksijeni ndio uliowapa Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Kila seli hutengeneza protini iitwayo HIF bila kukoma, na kila mara huibomoa. Kimeng'enya kinachohitaji oksijeni na madini ya chuma huitia HIF alama, protini nyingine iitwayo VHL huishika kwa alama hiyo, kisha inapelekwa kusagwa. Penye oksijeni ya kutosha HIF haimalizi dakika nyingi. Oksijeni ikipungua, alama haitiwi, HIF inabaki, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha mamia ya jeni.

Jeni hizo zingekuwa msaada kwa mtu aliyepanda mlima. Ndani ya uvimbe zinaleta hasara. Moja hutoa protini ya VEGF, inayoamsha mishipa mipya, na mishipa ya VEGF inavuja: uvimbe wa maji unaompa kaka yenu kichwa kizito asubuhi na kutapika umetokana kwa sehemu kubwa na hiyo. Nyingine huongeza milango ya sukari kwenye seli, nyingine huzipa seli uwezo wa kutambaa. Aina ya pili, HIF-2, husaidia kutunza kundi dogo la seli zenye tabia ya mbegu, zile zinazoweza kuotesha uvimbe upya baada ya tiba.

Kuna uvimbe mwingine wa ubongo unaothibitisha jambo hili kwa upande wa pili. Watu waliozaliwa na jeni mbovu ya VHL hupata uvimbe wa mishipa kwenye ubongo mdogo na uti wa mgongo, japokuwa oksijeni ipo tele. Kwa kuwa VHL haifanyi kazi, HIF haibomolewi, na seli huishi kana kwamba zinakosa hewa. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha belzutifani, kidonge kinachozuia HIF-2, kwa wagonjwa wa VHL. Nimeitaja kwa sababu mtaikuta mtandaoni na mtatamani. Si dawa ya glioblastoma, na madhara yake yanayojulikana ni upungufu wa damu na kushuka kwa oksijeni mwilini.

Upo pia uhusiano wa moja kwa moja kati ya oksijeni na mionzi. Mionzi huvunja nyuzi za DNA, hasa kwa kuzalisha vipande vya molekuli vyenye ukali mwingi. Oksijeni ikiwepo papo hapo hushikamana na pale palipovunjika na kufanya jeraha lisirekebishike kirahisi. Isipokuwepo, seli hujitibu. Ndiyo sababu kuua seli zisizo na oksijeni kabisa huhitaji mionzi mara 2.5 hadi 3 ya ile inayotosha kwa seli zilizoshiba. Mtu anaweza kusema: basi tumvutishe oksijeni wakati wa mionzi! Wazo hilo ni zuri na limejaribiwa. Katika miaka ya 1990 wagonjwa wa glioblastoma huko Ulaya walivutishwa oksijeni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi kidogo, wengine wakaongezewa nikotinamidi ya kufungua mishipa. Maisha hayakurefuka. Chumba cha oksijeni ya mgandamizo mkubwa, kabla tu ya mionzi, bado kinachunguzwa, lakini hicho ni kifaa cha hospitali chenye mgandamizo zaidi ya mara mbili ya hewa ya kawaida, na oksijeni inayoongezeka kwenye uvimbe hupungua muda mfupi mtu akitoka. Mashine mnayouziwa haina uwezo huo. Inapitisha oksijeni puani, na himoglobini iliyojaa asilimia 95 haina pa kuiweka.

Na ule usemi kwamba saratani haiwezi kuishi penye oksijeni? Unanasibishwa na Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani aliyepata Nobel mwaka 1931. Alichokiona Warburg ni kwamba seli za saratani hugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki *hata oksijeni ikiwepo*. Maana yake zinaishi penye oksijeni, na zinaishi pasipo nayo. Wauzaji wamekigeuza chini juu. Anayeanza na mashine mara nyingi huishia kuuza matone ya haidrojeni peroksaidi ya kunywa au dripu ya ozoni. Hivyo viwili vikataeni kabisa: peroksaidi iliyokolea huunguza koo na tumbo, na vyote viwili vinaweza kuingiza mapovu ya gesi kwenye damu, ambayo yakifika ubongoni humpiga mtu kiharusi.

Kinga imo ndani ya uvimbe tayari

Hapa ndipo unga unaposhindwa, na ni sehemu ambayo watu wengi hawajaelezwa.

Tunadhani mgonjwa wa saratani ana askari wachache. Katika glioblastoma, ukikata kipande na kuhesabu seli, theluthi moja na mara nyingine hadi nusu si seli za saratani. Ni seli za kinga, nyingi zikiwa makrofaji, seli zinazokula vijidudu na uchafu. Baadhi ni maikroglia, walinzi wakaazi wa ubongo waliofika humo tangu mtoto akiwa tumboni. Wengine wametoka kwenye uboho wa mifupa na kuingia kupitia mishipa ile inayovuja. Uvimbe wenyewe umeziita, kwa protini za kupashana habari ziitwazo saitokini na kemokini.

Zikishafika zinavutwa kuelekea maeneo yasiyo na oksijeni. Utafiti uliofanywa kwa panya na kuchapishwa 2023 ulionyesha jinsi: seli zilizo katika maeneo hayo hutoa ishara, zikiwemo CCL8 na IL-1β, zinazovuta makrofaji pamoja na seli T za kuua, huzizuia humo, na kuzibadilisha tabia. Makrofaji iliyoingia ikiwa na uwezo wa kushambulia huanza kufanya kazi ya fundi wa jengo. Inatoa VEGF na kuongeza mishipa mibovu. Inatoa IL-10 na TGF-β, ambazo huzituliza seli nyingine za kinga. Inatoa IL-6, na hiyo huwasha ndani ya seli ya saratani njia iitwayo STAT3 inayoisaidia kuishi na kuzaliana.

Halafu mduara unajifunga. IL-1β na ishara nyingine za uchochezi (mwako wa kinga, kama ule wa kidonda kinachovimba) huamsha swichi iitwayo NF-κB, na NF-κB huongeza utengenezaji wa HIF. Kwa hiyo oksijeni kidogo inazaa uchochezi, uchochezi unazidisha HIF, HIF inaleta mishipa inayovuja, maji yanabana, oksijeni inapungua zaidi. Dawa nyingi zilizolenga kiungo kimoja cha mduara huu zimeshindwa kwa sababu viungo vingine viliendelea kuuzungusha.

Seli T ndizo zenye uwezo wa kuua seli ya saratani moja moja. Katika uvimbe huu ni chache, na zilizomo zimechoka. Asidi ya laktiki inazidhoofisha. Vimeng'enya viitwavyo CD39 na CD73, vinavyoongezeka oksijeni ikipungua, hutengeneza adenosini, na adenosini huzizima. HIF pia huongeza PD-L1, breki inayobonyezwa juu ya seli T. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha jambo la kushangaza zaidi: kwa wagonjwa wa glioblastoma seli T nyingi zimekwama kwenye uboho wa mifupa, zimepoteza kipokezi kinachozielekeza njia ya kutokea, ndiyo maana kwenye damu zinaonekana chache hata kabla ya tiba.

Dawa za kuachia ile breki zimeleta nafuu kubwa kwa saratani ya ngozi na ya mapafu. Kwa glioblastoma iliyorudi, nivolumabu, mojawapo ya dawa hizo, ililinganishwa na bevasizumabu, dawa inayozuia VEGF, kwa wagonjwa 369, na matokeo yalichapishwa 2020: muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 9.8 upande mmoja na 10.0 upande wa pili. Ikiwa sindano inayolenga breki yenyewe haikutosha, unga wa majani hauwezi kutosha. Na hata kama ungeweza "kuongeza kinga", ungeongeza seli zilezile ambazo uvimbe unaziita na kuzigeuza.

Kuna hasara ya wazi zaidi. Dawa atakayotumia pamoja na mionzi, temozolomidi, inaweza kudhuru ini, na dawa za kuzuia degedege nyingi hupita kwenye ini hilohilo. Unga usiojulikana ulichotiwa ukivuruga ini au chembe za damu, daktari atalazimika kusimamisha temozolomidi bila kujua nani mkosaji. Baadhi ya bidhaa za aina hii zimewahi kukutwa na steroidi ndani yake: mgonjwa anapata nguvu siku mbili, sukari inapanda, na familia inaamini dawa imefanya kazi. Tangawizi kwenye chai, kitunguu saumu kwenye mchuzi, mlonge kama mboga, hivyo ni chakula, ale bila hofu. Ninachokataa ni vidonge na unga uliokolezwa.

Ya kufanya kuanzia leo

Toeni jiko la makaa chumbani. Nakuru usiku ni baridi na najua wengi huliingiza ndani. Moshi usioonekana wa makaa, kaboni monoksaidi, hushika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa mgonjwa wenu hili lina uzito kuliko tofauti yote ya Nakuru na Mombasa. Kile kipimo cha kidoleni hakilioni: kitasoma 97 huku himoglobini imeshikwa na sumu. Kama anavuta sigara, aache sasa, kwa sababu hiyohiyo.

Nunueni kipimo cha kidoleni badala ya mashine. Apimwe akiwa ametulia, mikono ina joto, kisomeke kwa dakika nzima. Kwenye ngozi nyeusi vipimo hivi mara nyingine husoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo msiridhike na namba ya mpakani. Nakuru, 93 hadi 97 haina tatizo. Ikishuka chini ya 92 na kubaki hapo, hilo ni suala la hospitali siku hiyohiyo: nimonia, chakula au mate kuingia mapafuni baada ya degedege, au damu iliyoganda. Hapo oksijeni ya mashine inakuwa dawa kweli, lakini ni baada ya kujua sababu. Mkija kupewa ya nyumbani, isikae karibu na jiko, mshumaa wala taa ya mafuta.

Damu iliyoganda niliahidi kuirudia. Ile protini ya kugandisha damu haibaki kichwani. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa glioblastoma, na katika baadhi ya tafiti zaidi, hupata damu iliyoganda miguuni au mapafuni wakati fulani wa ugonjwa. Kila siku mtazameni miguu yote miwili kwa pamoja. Mguu mmoja ukivimba, ukauma kwenye shavu la mguu au ukawa wa moto kuliko mwenzake, au akianza kuhema ghafla na kifua kuuma, msisubiri kukuche. Msiukande mguu huo. Atembee kila siku kadiri anavyoweza, na anywe maji.

Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, huenda anaitumia kwa ajili ya uvimbe wa maji. Inaokoa maisha, lakini huzilaza seli T, hupandisha sukari na hulegeza misuli ya mapaja. Muulizeni daktari kiwango kidogo kinachomtosha ni kipi na lini kitaanza kupunguzwa. Msikikate ghafla wenyewe. Mwili uliozoea steroidi ukinyimwa ghafla unaweza kuzimia. Dozi zitolewe asubuhi na mchana, ya jioni humnyima usingizi. Sukari ipimwe kila wiki hata kama hana kisukari.

Temozolomidi wakati wa mionzi kwa kawaida ni miligramu 75 kwa kila mita moja ya mraba ya ngozi, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, hadi siku 42. Mtu mwenye mita 1.8 atapata miligramu 135, ambayo kwa vidonge ni 100 kimoja, 20 kimoja na 5 vitatu. Makosa hutokea hapo kwenye vidogo, kwa hiyo pangeni dozi za wiki mapema na mtu wa pili ahakiki. Anywe tumbo likiwa tupu, saa moja hivi kabla ya mionzi, na dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla yake. Asifungue wala kutafuna vidonge. Akitapika, asirudie dozi siku hiyo. Damu ipimwe kila wiki: neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) zikishuka chini ya 1.5 au chembe sahani (za kugandisha damu) chini ya 100, zote kwa bilioni katika lita, dawa husimamishwa. Katika kipindi hiki daktari kwa kawaida huongeza kotrimoksazoli, ile inayojulikana kama septrini, kuzuia nimonia ya kuvu ambayo huwavamia wenye seli T chache. Isipoandikwa, ulizeni. Homa ya 38 na zaidi ni ya hospitali, si ya panado nyumbani. Na kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, achunguzwe kifua kikuu kabla ya kuanza, kwa sababu steroidi na temozolomidi pamoja zinaweza kukiamsha.

Mionzi yenyewe kwa mtu wa umri wake ni vipindi 30 kwa wiki sita, jumla Gy 60 (grei, kizio cha mionzi). Mpango huu wa mionzi pamoja na temozolomidi ulithibitishwa katika jaribio la 2005: waliokuwa hai baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 26.5, dhidi ya 10.4 kwa waliopata mionzi peke yake. Namba hizo ni ngumu kusoma na sitazipamba. Ndizo zinazonifanya niseme fedha ya mashine na unga iende kwenye nauli, vipimo na chakula, asikose hata siku moja kati ya hizo 30.

Ombeni pia vipimo viwili kutoka kwenye kipande kilichokwisha kutolewa, bila kumpasua tena: IDH na MGMT. Cha kwanza kinathibitisha kwamba ni glioblastoma yenyewe na si aina nyingine inayokwenda polepole. Cha pili kinaonyesha temozolomidi itamfaa kwa kiasi gani.

Jambo moja huwavunja watu moyo bila sababu. Picha ya MRI ya kwanza baada ya mionzi, hasa ndani ya miezi mitatu, inaweza kuonyesha uvimbe umekuwa mkubwa na unang'aa zaidi. Mara nyingi ni ukuaji kweli. Lakini kwa sehemu ya wagonjwa ni mishipa iliyochubuliwa na mionzi inayovuja, na seli za kinga zilizokuja kusafisha seli zilizokufa. Baada ya wiki kadhaa picha hutulia yenyewe. Ikitokea, muulizeni daktari kama inafaa kurudia picha baada ya wiki nne hadi nane kabla ya kubadili tiba, maadamu hali yake mwenyewe haijashuka.

Mtasikia pia habari za bevasizumabu, inayozuia VEGF. Inapunguza maji, kichwa kinapoa, na steroidi zinaweza kupunguzwa. Majaribio mawili makubwa ya 2014, ilipotumika tangu mwanzo, yalionyesha ugonjwa ulichelewa kuonekana kwenye picha lakini watu hawakuishi zaidi. Ni dawa ya kutuliza, ina bei kali, na huchelewesha kidonda kupona. Msiuze shamba kwa ajili yake.

Mombasa? Mwambieni shemeji kaka ataenda, wiki sita za mionzi zikiisha na kama nguvu zinaruhusu, kuwaona ndugu na kukaa karibu na bahari kidogo. Barabara kutoka Nakuru ni zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo simameni kila baada ya saa mbili ashuke atembee dakika kumi kwa ajili ya ile miguu. Dawa za degedege na deksamethasoni zisiwekwe kwenye buti la gari. Azibebe mtu anayeketi naye.